Goti Langu na Mgongo wa Mama Mkwe

Niliumia goti mchana, mbele ya watu wengi, na tangu siku hiyo karibu kila jambo la goti hilo limenitokea mbele za watu.

Nilikuwa winga wa kushoto wa timu ya mtaa wetu, katika komini ya Tshopo hapa Kisangani. Kijana mwembamba, mwenye mbio, mtoto wa fundi cherehani aliyetoka Maniema kuja kutafuta maisha. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa tope. Mpira ulikuja juu, nikautuliza kwa mguu wa kulia, nikageuka ghafla ili nimwache beki. Mwili uligeuka, lakini mguu wa kushoto niliousimamia ulibaki umenata. Nikasikia kitu kikichanika ndani ya goti, kama baba anavyopasua kitambaa kwa mikono badala ya kukikata. Nilianguka. Watu walidhani nadanganya ili tupewe penalti, wakanizomea. Hata wenzangu walicheka kidogo, mpaka waliponishika mikono kuniinua na mguu ukakataa kunyooka.

Ulikaa hivyo, nusu umekunjika, kwa wiki nyingi. Wakati mwingine uliachia wenyewe, nikatembea vizuri siku mbili tatu nikaamini nimepona, halafu nikigeuka kuitikia salamu tu, goti linashika tena kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilitembea kwa fimbo. Wasichana waliokuwa wakichota maji pale kwenye bomba la avenyu yetu walinipa jina: Koko, yaani babu. "Koko, shikamoo," walikuwa wakisema, na mimi nilikuwa sijaota hata ndevu za kunyoa kila wiki. Nilianza kupita njia ya nyuma, kwenye mtaro, ili nisipite bombani.

Baba aliuza cherehani yake moja kati ya mbili alizokuwa nazo, nikapelekwa hospitali. Daktari aliyenipokea alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyekuwa na tabia ya kufuta miwani kwa pembe ya koti kila alipotaka kusema jambo zito. Alinipasua. Siku ya pili yake alikuja kitandani na kisahani cha bati. Ndani kulikuwa na kitu cheupe kilichopinda kama mwezi mchanga, kimechanika katikati, mfano wa kipande cha sikio la mbuzi lililochemshwa.

"Hii ndiyo meniski yako," alisema. "Nimeitoa yote."

Nikamuuliza kama sasa nimepona. Akafuta miwani.

"Utatembea. Goti halitashika tena kama zamani. Lakini sikiliza vizuri. Kitu hiki kilikuwa kama kigodoro kati ya mfupa wa paja na mfupa wa chini. Kilikuwa kinagawa uzito wako. Sasa hakipo, mifupa itabebana yenyewe. Gegedu linaloifunika litaanza kulika kidogo kidogo. Sisi tunaita arthrose. Wazee wanaipata na uzee. Wewe unaweza kuipata mapema."

"Lazima?"

"Si lazima. Lakini hatari yako ni kubwa kuliko ya mwenzako ambaye hajapasuliwa. Donc, mpira basi. Usibebe mizigo mizito. Usichuchumae muda mrefu. Jenga nyama ya paja, hiyo ndiyo itakusaidia. Baiskeli ni nzuri, mradi usiipakie."

Nilisikia neno moja tu katika hayo yote: mpira basi. Mengine niliyaweka mbali, kama kijana anavyoweka mbali habari za kifo.

Muda haukupita mrefu, vita vikafika. Kwanza walipita wanajeshi waliokuwa wakikimbia, wakachukua kila kitu kilichobebeka. Kisha wakaja waliowakimbiza. Tukapumua kidogo, vikaja vingine. Meli kutoka Kinshasa zikakoma kupanda mto, mafuta ya gari yakawa hadithi, na mji mzima ukapanda baiskeli. Ndipo toleka zikawa nyingi: baiskeli za kubeba abiria, zenye kiti cha sponji nyuma. Nami nikawa mtu wa toleka. Nilijiambia kwamba natii neno la daktari, maana si alisema baiskeli ni nzuri? Lakini abiria wa mjini walikuwa wachache, na chakula kilikuwa barabarani. Kwa hiyo nilikwenda na wenzangu mpaka Bengamisa, nje ya mji, tukapakia mafuta ya mawese na mihogo na mchele mpaka baiskeli ionekane kama punda, halafu tukairudisha Kisangani tukiisukuma kwa miguu, vilimani na kwenye mashimo. Jioni goti lilikuwa limejaa maji. Nikilibonyeza, kidole kinazama. Nililifunga kwa kitambaa cha baba na asubuhi nikaondoka tena. Wenzangu waliponiuliza kwa nini nashuka mteremko kwa upande, kama kaa, niliwaambia viatu ndivyo vibaya.

Mke wangu nilimpata kwenye toleka. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, nikimchukua kivukoni kila Jumatatu, kwa kuwa kwao ni Lubunga, ng'ambo ya mto. Ukoo wao ni wa wakulima wa upande ule, na mila yao ya ukwe ni kali kuliko yetu sisi wa Maniema. Kwao, mwanamume na mama wa mke wake ni bokilo. Hawagusani. Hawatazamani machoni. Hawali sahani moja. Kama kuna neno la kuambiana, linapitia kwa binti. Siyo chuki, ni heshima, na wao wanaitunza heshima hiyo kama watu wengine wanavyotunza jina la marehemu.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mwanamke mpana wa mabega, aliyekuwa akitoka shamba na kikapu cha mihogo mgongoni, mkanda wake umezunguka kipaji cha uso, na juu ya kikapu hicho ameweka kuni. Mara ya kwanza kumwona nilimwona hivyo, anakuja njiani ameinama, nikapisha nikaangalia majani mpaka apite.

Mila ilitaka mkwe mpya alime shamba la bokilo. Nilikwenda na panga langu, pamoja na mashemeji zangu wawili. Kukata vichaka ni kazi ya kuinama na kuchuchumaa. Kabla ya adhuhuri goti lilikuwa limevimba hadi suruali ikabana. Mashemeji walikuwa wamenitangulia mbali. Walisimama, wakanitazama, wakatazamana. Nilisikia sauti ya mama mkwe kutoka kivulini, akimwambia binti yake kwa sauti ya kusikika shamba zima, "Mwambie bwana yako jua iko kali. Apumuzike." Jua halikuwa kali. Mawingu yalikuwa yamelifunika. Nilikaa chini, na nilipotaka kuinuka nilishindwa bila kujishika kwenye kisiki. Mashemeji waligeuka, wakaendelea kukata vichaka. Afadhali wangenizomea kama uwanjani.

Nilioa hivyo hivyo. Mke wangu alijua habari za goti, aliliona kila usiku, na hakuwahi kunifanya nijione mdogo. Kwao hawakuambiwa. Walidhani mkwe wao ni mvivu kidogo, na mimi niliona uvivu ni sifa nzuri kuliko ulemavu.

Sasa nifike kwenye vita ambavyo watu wa kwetu wanaviita vya siku sita, majeshi mawili ya kigeni yalipogombania mji usio wao. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, binti, hata kitovu hakijakauka vizuri. Mama yake alikuwa amevuka mto kuja kumhudumia mzazi, kama ilivyo desturi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili. Wanawake walilala cha ndani, mimi cha mbele, na mchana nilijitahidi kukaa nje ili bokilo wangu aweze kutembea kwa uhuru.

Mabomu yalipoanza hakukuwa na cha mbele wala cha ndani. Chumba cha ndani tu ndicho kilichokuwa na ukuta wa tofali nene, nasi sote tukalala chini pale, godoro limesimamishwa kuziba dirisha. Mimi na mama mkwe wangu tulitenganishwa na upana wa mkeka. Nililala nimegeukia ukuta, magoti nimeyakunja kifuani ili miguu yangu isimguse, nikakaa hivyo siku na siku. Nikienda haja ndogo kwenye kopo, yeye alifunika uso kwa kitenge. Nikimsikia akiomba Mungu, nilijifanya nimelala. Katikati ya kishindo kile, pamoja na hofu yote, aibu ilipata nafasi yake.

Nyumba ya jirani yetu ikapigwa. Vumbi jekundu liliingia kwetu kupitia dari. Kisha kukawa kimya, na tukasikia miguu ya watu avenyu nzima.

"Batu iko nakimbia," mama mkwe alisema. "Tuende mtoni. Lubunga hawapigi."

Mke wangu alimfunga mtoto kifuani, akatwika furushi kichwani. Mimi nikainuka, na goti likakataa. Lilikuwa limevimba na kushika, limekunjika kama siku ile ya uwanjani, ila sasa ndani yake kulikuwa na kitu kinachokwaruza, kama kipande cha mfupa kimepotea njia. Nilishika ukuta, nikaruka kwa mguu mmoja hadi mlangoni, nikaanguka. Baiskeli yangu ilikuwa imekwisha chukuliwa na askari.

"Nendeni," nilimwambia mke wangu. "Mimi nitafuata."

Mke wangu alianza kulia bila sauti. Alikuwa bado anatoka damu ya uzazi, hakuwa na nguvu ya kumwinua mtu. Ndipo mama mkwe aliposhusha mzigo wake, akafungua kitenge chake cha juu, akaja akachuchumaa mbele yangu, mgongo wake umenielekea.

"Panda," alisema. Hakumwambia binti aniambie. Aliniambia mimi.

"Mama, hii haiwezekani."

"Nini haiwezekani?"

"Wewe iko bokilo yangu."

"Bokilo iko ya batu bazima. Ukikufa hapa nitakuwa bokilo ya nani? Panda."

Nikapanda. Alinifunga na kitenge chini ya makalio, kama anavyofungwa mtoto, akashika mapaja yangu, akasimama. Vita vilikuwa vimenikondesha, lakini mimi ni mrefu. Miguu yangu ilining'inia karibu kufika chini, na kila hatua aliyopiga goti lile lilichezacheza likanikata pumzi. Nilijaribu kujizuia kifua changu kisimguse. Nilijivuta nyuma, nikamshika mabegani kwa ncha za vidole. Hatua chache mbele akasimama.

"Usijivute," alisema, anahema. "Ukijivuta nyuma unakuwa muzito. Lala juu yangu."

Nililala juu ya mgongo wa mama mkwe wangu. Jasho lake lilinuka moshi na mafuta ya mawese. Shavu langu lilikuwa kwenye kilemba chake, nami nilifumba macho, nikidhani kwa upumbavu kwamba nisipowaona watu nao hawanioni.

Walituona. Avenyu zilijaa watu wenye magodoro, masufuria, wazee kwenye mikokoteni. Hata katika hali ile, ambapo kila mtu alikuwa na roho yake mkononi, watu walipata muda wa kugeuza shingo. Mwanamke mmoja wa Lubunga, aliyekuwa akiimba kwaya moja na mama mkwe, alitupita, akasema kwa mwenzake kwa Lingala, wala hakupunguza sauti, kwamba yule si ndiye bokilo wake? Mama mkwe alikaza mwendo. Alipochoka aliegemea ukuta, mimi bado mgongoni, akapumua, akaendelea. Karibu na soko mwenye mkokoteni mmoja alituhurumia, akanipakia juu ya magunia yake mpaka ufukoni. Nilidhani yamekwisha. Lakini mitumbwi haikufika ukingoni, ilisimama kwenye maji ya mapaja, na watu mamia walikuwa wamesimama pale wakisubiri. Mama mkwe wangu akachuchumaa tena.

Lubunga tulikaa miezi. Goti liliachia lenyewe baada ya siku kadhaa za kulala na vitambaa vya moto, lakini halikurudi kuwa lile la zamani. Asubuhi liliamka limekauka. Nililazimika kulikunja na kulinyoosha kitandani kabla ya kusimama. Na habari ilikuwa imevuka mto kabla yetu. Vijana wa pale waliniita Muzigo. Nilipokwenda kivukoni kutafuta vibarua nilisikia, "Muzigo amejileta mwenyewe leo." Nikaacha kwenda.

Aliyenishinda zaidi ni mama mkwe. Sikuweza kukaa pale alipo. Akitokea uani, mimi naondoka. Chakula nilikula nyuma ya jiko. Ikiwa lazima nipite mlangoni kwake, nilipita nikiharakisha, na kuharakisha kwangu ndiko kulikoonyesha kuchechemea. Sikumshukuru hata mara moja. Kila neno la shukrani nililolitunga lilikuwa na mgongo ndani yake, na nilishindwa kulitamka.

Jioni moja mke wangu aliniambia, "Mama anasema unamuchukia."

"Mimi?"

"Anasema tangu akuguse, unamuona kama mutu muchafu."

Akanieleza yaliyobaki, nami nilikuwa sijui, kwa sababu nilikuwa nimejificha. Wale wanawake wa kwaya walikuwa wamemwacha peke yake kwenye benchi la kanisani. Walisema mwanamke anayemvaa bokilo mgongoni mchana kweupe, gizani anafanya nini? Walisema mwanamume mzima, mcheza mpira, mtu wa baiskeli, atashindwaje kutembea? Lazima kulikuwa na jambo. Mama mkwe alikuwa hajamwambia mtu yeyote kuhusu goti langu, kwa kuwa alidhani ni siri yangu. Alinyamaza, wakamla kwa maneno.

Kaka yake mkubwa, ambaye mke wangu humwita tonton, yaani mjomba, mzee wa reli aliyestaafu, aliitisha kikao cha ukoo. Tulikaa uani kwake, wanaume upande huu, wanawake upande ule, mama mkwe peke yake kwenye mkeka katikati, ameinamisha kichwa. Sijawahi kumwona mdogo vile. Tonton alisema kwamba mila imevunjwa na kwamba jina la dada yake linatembea vibaya. Alitaka kusikia kutoka kwa mkwe mwenyewe kama kulikuwa na sababu.

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri, yakanitoroka. Nikainama, nikakunja mguu wa suruali mpaka juu ya goti, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, wanawake kwa wanaume. Kovu lilikuwa pale, refu, na paja la mguu ule lilikuwa limekonda kuliko la pili. Wengine waligeuza macho.

Nikasema, "Tonton, hapa ndani hamna kitu. Daktari alikitoa. Kuna kigodoro kinachokaa kati ya mifupa, changu kilipasuka mupirani, akakitoa chote. Aliniambia mifupa italika. Imeanza kulika. Siku ile goti lilishika, sikuweza kutembea. Siyo uvivu. Hata lile shamba, halikuwa uvivu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na haya."

Tonton akainuka, akaja taratibu na fimbo yake, akaketi kwenye kigoda mbele yangu. Akaniambia nikae, akaweka kiganja chake kizima juu ya goti. "Kunja," alisema. Nikakunja. "Nyoosha." Nikanyoosha. Uso wake ulibadilika. Akaita ndugu yake, "Njoo usikie." Wakaja mmoja mmoja, wajomba wa mke wangu, mashemeji zangu wale wa shambani, kila mmoja akiweka mkono, nami nikikunja na kunyoosha.

"Kama muchanga katika meno," alisema mmoja wao.

Nilikaa pale nikiguswa, nimetazama chini. Niliusikia ule mkwaruzo mimi mwenyewe kwa kila mkono uliowekwa, nao ulizidi kuwa mkubwa masikioni mwangu. Shemeji yangu mkubwa alipotoa mkono wake alisema polepole, "Samahani," na sikujua kama anaomba radhi kwa kunigusa au kwa siku ile ya shamba.

Tonton akageukia upande wa wanawake. Alisema dada yake hakumvaa bokilo, alimbeba mgonjwa, na atakayesema vingine aje amwambie yeye. Kisha akaamuru kuku achinjwe, na mimi na mama mkwe tule sahani moja, siku hiyo tu, ili kilichovunjika kijulikane kimefungwa. Wakaleta lituma, ndizi zilizopondwa, na yule kuku. Tulikula tumetazama pembeni, mikono yetu ikipishana. Watu walikuwa na furaha, wakaanza kuzungumza mambo mengine. Jina la mama mkwe lilikuwa limesafishwa, na nilifurahi kwa hilo kwa dhati, lakini mwili wangu ulikuwa umekuwa ushahidi ulioshikwashikwa na watu, na sikuweza kusahau mikono yao.

Mji ulipotulia tulivuka kurudi. Mama mkwe alisema, kupitia kwa binti yake, kwamba lazima niende kwa yule daktari, na kwamba yeye pia atakuja. Hospitali ilikuwa na matundu kwenye paa na mashine ya picha haikufanya kazi. Daktari alikuwa amezeeka na kukonda, koti limemlegea. Alinikumbuka. Alilipapasa goti, akalikunja, akalisikiliza kwa kiganja kama Tonton.

"Imeanza," alisema. "Bila picha siwezi kusema imefika wapi, lakini imeanza. Ulibeba mizigo?"

"Nilisukuma."

"Ni kile kile." Hakunigombeza. "Haitarudi nyuma. Tunaweza kuipunguza mwendo. Paja, paja, paja. Na usinenepe."

Nilicheka kidogo kwa hilo la kunenepa, katika miaka ile. Yeye hakucheka.

Mama mkwe alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mbali nami. Akamnong'oneza mke wangu, na mke wangu akamwambia daktari, "Mama anauliza, siku ile alipomubeba, goti likiwa limekunjika na linagongagonga, ndiye aliyeliharibu?"

Kumbe ndilo alilokuwa nalo moyoni miezi yote ile, nami nikidhani ananiona mzigo.

Daktari alimtazama yeye moja kwa moja. "Hapana, Mama. Hukuharibu kitu. Lilianza siku mimi nilipotoa ile meniski." Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Wakati ule tulifundishwa kutoa yote. Sasa ninasoma kwamba kwingine wanajaribu kuibakiza, wanatoa kipande kilichochanika tu, au wanashona ikiwezekana. Mimi nilitoa yote. Bon. Ndivyo tulivyojua."

Akavaa miwani, na hakunitazama tena mpaka tulipoaga. Nilitaka kumwambia kwamba simlaumu, na ni kweli simlaumu. Bila yeye ningebaki na mguu uliokunjika. Lakini nilimwona mtu mzima akiona haya mbele ya wanawake wawili na kijana wa toleka, na najua mtu aliye katika hali hiyo anataka nini. Anataka uondoke. Nikampa mkono, nikatoka.

Nje kulikuwa na ngazi za saruji, ndefu, zisizo na mahali pa kushika. Mke wangu alikuwa ametangulia kumnyonyesha mtoto. Nilianza kushuka kwa upande, mguu mmoja, halafu wa pili kwenye kidato kile kile, na nyuma yangu watu waliokuwa na haraka walianza kujazana. Mama mkwe wangu, mwenye magoti mazima, alinipita, akasimama kidato kimoja mbele yangu, akaanza kushuka polepole, mguu mmoja, halafu wa pili, upana wake wote umeziba njia, hata ikaonekana kwamba yeye ndiye anayewachelewesha watu. Mtu mmoja alimwambia, "Mama, songa kidogo."

"Niko nashuka," alimjibu, wala hakuharakisha.